Rokenroli ilitoka wapi? Mdundo, jina na senti mbili za R&B

Kuna wimbo mmoja unaobeba karibu habari hii yote, nao ni "Good Rockin' Tonight". Roy Brown aliutunga na kuurekodi New Orleans mwaka 1947. Desemba mwaka huohuo Wynonie Harris akauimba upya mjini Cincinnati kwa ajili ya lebo ya King, akauongezea makofi kwenye pigo la pili na la nne la kila mapigo manne, na mwaka 1948 santuri yake ikapanda hadi kileleni mwa orodha ya nyimbo za Wamarekani Weusi. Septemba 1954 kijana wa Memphis, Elvis Presley, akaurekodi tena. Wimbo ni uleule. Lakini santuri mbili za mwanzo huwekwa kwenye rafu ya muziki wa Weusi, R&B, na ya tatu kwenye rafu ya rokenroli (rock and roll).

Ni nini basi kilichobadilika katika miaka hiyo saba? Wapo wanaosema hakuna kilichobadilika ila rangi ya mwimbaji. Wapo wanaosema vijana wa Kizungu walibuni muziki mpya. Wote wamekosea, ingawa wa kwanza wamekosea kidogo sana.

Jina la soko, si jina la mlio

Mwaka 1942 jarida la biashara ya muziki la Billboard lilianza kuchapa orodha ya santuri zilizokuwa zikitamba Harlem, mtaa wa Weusi wa New York. Mwaka 1945 orodha hiyo ikaitwa "Race Records", yaani santuri za watu wa "rangi". Jina likaja kuonekana la aibu, na Juni 25, 1949 likabadilishwa kuwa "Rhythm & Blues Records". Aliyelipendekeza ni Jerry Wexler, wakati huo mwandishi wa jarida hilo, ambaye baadaye alikuwa mshirika katika lebo ya Atlantic.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. R&B lilikuwa jina la wateja kabla halijawa jina la mlio. Chochote walichonunua Weusi kiliingia humo: vikundi vya waimbaji wa sauti nne, bluzi ya gitaa la umeme ya Chicago, nyimbo za taratibu za piano kama za Charles Brown, na bendi ndogo zenye kelele za kuchezesha watu usiku kucha. Ndiyo maana ukitafuta "kanuni za R&B" za miaka hiyo hutazipata. Na rokenroli haikuchota kwenye mafungu yote kwa kipimo kimoja. Shina lake ni hilo fungu la mwisho, waliloliita bluzi ya kuruka.

Bendi hizo zilikuwa ndogo kwa sababu za mfukoni. Kabla ya Vita Kuu ya Pili bendi ya dansi ya Marekani ilikuwa na watu 15 hadi 17. Vita vilipoingia, petroli na matairi vikawa vya mgao, wapigaji wakaandikishwa jeshini, na mwaka 1944 serikali ikaweka kodi ya asilimia 30 kwenye kumbi zenye dansi na waimbaji. Juu ya hayo, chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi kuanzia Agosti 1, 1942, na lebo kubwa za mwisho hazikukubali masharti yake hadi Novemba 1944. Kusafirisha watu 17 kwa basi kulikuwa kujitafutia hasara. Mpiga saksofoni Louis Jordan alikuwa ameshaiona njia: bendi yake, Tympany Five, ilikuwa ya watu watano kwa jina, ingawa mara nyingi walizidi, na ilijaza ukumbi kama bendi kubwa. Mwaka 1946 wimbo wake "Choo Choo Ch'Boogie" ulikaa kileleni mwa orodha ya Weusi kwa wiki 18.

Siri yake ilikuwa mgawanyo wa kazi. Mkono wa kushoto wa mpiga piano ulibeba mwendo wa bugi-wugi, noti nane katika kila kipimo cha mapigo manne. Besi kubwa ya kusimama ilitembea noti nne. Saksofoni na tarumbeta hazikupewa mistari mirefu ya jazi. Zilirudia kifungu kifupi kimoja, tena na tena, mpaka watu wakainuka vitini. Katikati ya wimbo saksofoni ya tenori iliachiwa uwanja ikorome na kupiga mayowe, mtindo ambao Illinois Jacquet aliufanya maarufu mwaka 1942 katika "Flying Home" ya bendi ya Lionel Hampton. Nafasi hiyo ndiyo gitaa la umeme lilikuja kuirithi.

Mifupa ya nyimbo nyingi za aina hii ni vipimo 12 vya bluzi. Ukiwa kwenye ufunguo wa C, unapiga kundi la noti za C kwa vipimo vinne, F viwili, C viwili, kisha G kimoja, F kimoja, na C viwili vya kumalizia. Halafu unaanza upya. Mtu akijua hivyo tu anaweza kupanda jukwaani na bendi asiyoijua na kupiga nayo nusu saa, na ndivyo ilivyokuwa.

Mahali mdundo ulipobadilika kweli

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakikuwa suala la jina. Kaa mezani, hesabu moja-mbili-tatu-nne polepole, kisha ugawe kila pigo sehemu tatu zilizo sawa na ugonge ya kwanza na ya tatu tu. Utapata taa-ta, taa-ta, taa-ta, taa-ta: noti ya kwanza ni ndefu mara mbili ya inayoifuata. Huo ndio mwendo wa kuyumba, na R&B ya miaka ya 1940 karibu yote inatembea hivyo. Sasa gawa kila pigo sehemu mbili tu zilizo sawa: ta-ta, ta-ta, ta-ta, ta-ta. Huo ndio mwendo ulionyooka, na rokenroli ya mwisho wa miaka ya 1950, pamoja na karibu roki yote iliyofuata, inatembea humo.

Badiliko hilo halikuandikwa na mtu kwenye karatasi. Tunaweza kulisikia likitokea, na chumba lilikotokea kinajulikana: J&M, studio ya Cosimo Matassa, nyuma ya duka la familia yake kwenye kona ya mitaa ya Rampart na Dumaine, New Orleans. Hakukuwa na kuchanganya sauti baadaye. Saksofoni ikizidi, mpigaji anasogezwa mbali na maikrofoni. Piano ikipotea, maikrofoni inasogezwa kwenye piano. Mmoja akikosea, wote wanarudia.

Kwenye dramu alikuwapo Earl Palmer. Desemba 10, 1949 alipiga katika "The Fat Man" ya mpiga piano Fats Domino, na hapo alifanya jambo la kwanza: alilitia nguvu pigo la pili na la nne kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Katika jazi ya zamani ya New Orleans mpiga dramu alilihifadhi pigo hilo zito kwa ajili ya mzunguko wa mwisho, bendi nzima inapolipuka. Palmer alilichukua lile la kufungia akalifanya msingi. Makofi ya Harris ya 1947 yalikuwa yameshaelekea huko, na makofi hayo yenyewe yalikuwa ya kanisani.

Jambo la pili lilikuja Septemba 14, 1955, katika studio ileile, mwimbaji na mpiga piano Little Richard aliporekodi "Tutti Frutti". Mashairi yake ya asili yalikuwa ya vilabuni, hayafai redioni, kwa hiyo mtunzi Dorothy LaBostrie aliitwa ayasafishe muda wa studio ukiwa unakaribia kwisha. Lakini sikiliza chini ya mashairi. Mkono wa kulia wa Richard unaigonga piano noti nane zilizonyooka kwa kila kipimo, kama mtu anayebisha mlango. Palmer, chini yake, bado anayumba: taa-ta, taa-ta. Miendo miwili inasuguana ndani ya wimbo mmoja wa dakika mbili na nusu hivi. Palmer mwenyewe alieleza baadaye kwamba mdundo ulioitwa wa rokenroli aliupata kwa kujaribu kulingana na mkono ule wa Richard, na kwamba katika "Tutti Frutti" alikuwa hajanyooka bado. Ukitoka hapo ukasikiliza "Lucille", iliyotoka mwanzoni mwa 1957, utakuta kila mtu amenyooka. Kwa maoni yetu, kati ya santuri hizo mbili ndipo mpaka ulipo, kama lazima uwepo mpaka.

Bendi za leo zinazopiga nyimbo hizi huharibu hapohapo. Wote wananyooka sawasawa tangu noti ya kwanza, na wimbo unakuwa mkavu kama cherehani. Au mpiga dramu anayumba mno na gitaa linamfuata, na mnarudi mwaka 1946. Utamu wa rekodi za 1955 hadi 1958 umo katika ule msuguano. Mazoezi yake ni rahisi: watu wawili, mmoja apige makofi ya taa-ta, mwingine ta-ta, kwa mapigo 100 kwa dakika. Mtasikia mnagongana. Pandisheni hadi 130, kisha 160. Kadiri mwendo unavyopanda, nafasi kati ya noti zenu inapungua hadi mgongano unageuka kuwa msukumo. Hiyo pia inaeleza kwa nini mwendo wa kuyumba ulidhoofika nyimbo zilipoongezwa kasi: mkono hauna tena muda wa kutofautisha ndefu na fupi.

Kuna mdundo wa tatu, na huu msikilizaji wa Afrika Mashariki ataujua kabla hajaambiwa. Machi 1955, mpiga gitaa Bo Diddley alirekodi Chicago wimbo uliobeba jina lake. Gawa kipimo kimoja kirefu katika sehemu 16 na ugonge ya 1, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 13. Ndio mdundo ambao Wacuba hupiga kwa vijiti viwili vya mbao na kuuita klave. Ulitoka Afrika ukaenda Cuba, na kutoka Cuba ulifika New Orleans kwa meli, na pia ulirudi Afrika ndani ya santuri za muziki wa Kicuba za mfululizo wa GV zilizouzwa kuanzia miaka ya 1930. Anayeijua rumba ya Kongo, au nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, anapomsikia Bo Diddley anasikia ndugu wa mbali aliyelelewa nyumba nyingine. Wapiga R&B wa New Orleans kama Professor Longhair na Dave Bartholomew walikuwa wakiichota mishororo ya besi ya Kicuba tangu miaka ya 1940.

Gitaa linachukua kiti cha saksofoni

Machi 1951 bendi ya Ike Turner, Kings of Rhythm, ilitoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi kwa mwenye studio Sam Phillips, namba 706 Union Avenue. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika, na koni ya spika, ambayo ni karatasi ngumu tu, ikachanika. Hawakuwa na nyingine. Wakaijaza karatasi ili isipapatike, wakapiga hivyohivyo. Koni iliyochanika haiwezi kufuata mtetemo wa gitaa kwa usafi. Inakwaruza, na kila noti inajizalishia noti nyingine ndogo juu yake. Mlio uliotoka ni mnene na wenye mikwaruzo, karibu na saksofoni ya tenori inayokoroma, na Phillips badala ya kuuficha akauweka mbele. Wimbo ni "Rocket 88". Lebo ya Chess iliutoa kwa jina la mwimbaji Jackie Brenston na bendi iliyoitwa "Delta Cats", jina la kubandika tu, na ukafika namba moja ya R&B.

Mara nyingi huitwa rokenroli ya kwanza. Ni santuri kubwa, lakini anayetaka kuipa cheo hicho itambidi aeleze afanyeje na Sister Rosetta Tharpe, ambaye mwaka 1944 alirekodi wimbo wa dini, "Strange Things Happening Every Day", akiwa na gitaa la umeme na piano ya bugi-wugi nyuma yake. Mwaka 1945 uliingia kwenye orodha ya nyimbo za Weusi ukafika namba mbili.

Urithi ulio wazi kuliko wote upo kwa mpiga gitaa na mwimbaji Chuck Berry. Sikiliza noti za mwanzo za "Johnny B. Goode" ya 1958. Kisha tafuta "Ain't That Just Like a Woman" ya Louis Jordan, 1946, na usikilize gitaa la Carl Hogan linavyoufungua wimbo. Ni karibu noti kwa noti. Berry hakuwahi kumficha Hogan. Angalia pia ufunguo: "Johnny B. Goode" ipo kwenye B-flati. Mpiga gitaa aliyejifunza peke yake hapendi B-flati, maana nyuzi za wazi hazimsaidii. Atachagua E au A. B-flati ni ufunguo wa watu wa saksofoni na piano, na Berry alikuwa ameingia kwenye bendi ya mpiga piano Johnnie Johnson mjini St. Louis mwishoni mwa 1952. Anayejaribu kuupiga wimbo huo kwa ufunguo wa A hupata noti zote na kupoteza uzito wake.

Upande wa Wazungu

Je, wasanii wa Kizungu hawakuleta kitu? Walileta. Santuri ya kwanza ya Elvis, iliyorekodiwa Julai 1954 kwa Phillips huyohuyo, ilikuwa na "That's All Right" ya Arthur Crudup, mtu wa bluzi, upande mmoja, na "Blue Moon of Kentucky", wimbo wa mashambani (kantri) wa Bill Monroe, upande wa pili. Hakuna dramu kabisa: kuna magitaa mawili, na besi ya kusimama inayovutwa nyuzi zikaupiga ubao, tak, tak, kushika nafasi ya dramu. Wepesi huo, na namna ya kupiga gitaa kwa vidole, vilitoka kwenye muziki wa kantri.

Bill Haley naye alikuwa mtu wa kantri kutoka Pennsylvania. Bendi yake iliitwa Saddlemen kabla ya kuwa Comets. Aprili 12, 1954 alirekodi "Rock Around the Clock" New York kwa lebo ya Decca, chini ya prodyuza Milt Gabler. Huyu Gabler ndiye aliyekuwa akimrekodi Louis Jordan katika lebo hiyohiyo, na alisema wazi kwamba aliwaimbia watu wa Haley vifungu vya bendi ya Jordan ili wavipige kwa magitaa yao. Uhusiano huu si wa kukisia. Mtu mmoja alikaa vyumba vyote viwili. Wimbo ulitoka ukapita kimya, hadi mwaka 1955 ulipowekwa mwanzoni mwa filamu na kukaa namba moja ya Marekani kwa wiki nane.

Neno lenyewe lilikuwepo zamani. "Kutikisika na kubingirika" kwa Kiingereza cha Weusi kulimaanisha mambo ya chumbani na pia furaha ya kanisani, na Trixie Smith alilirekodi katika maana ya kwanza mwaka 1922. Aliyelibandika kwenye muziki ni mtangazaji Alan Freed, Mzungu aliyeanza kupiga santuri za R&B usiku huko Cleveland mwaka 1951. Kipindi chake aliita Moondog. Alipohamia New York mwaka 1954, mwanamuziki kipofu wa mitaani, Louis Hardin, aliyekuwa akilitumia jina hilo miaka mingi, alimshitaki na akashinda. Freed akahitaji jina jipya haraka, na kipindi kikawa "Rock and Roll Party". Santuri alizopiga wiki iliyofuata zilikuwa zilezile.

Senti mbili

Sehemu inayouma ni hii, na inaeleweka vibaya, kwa sababu watu hudhani wizi wote ulikuwa nje ya sheria. Mwingi ulikuwa ndani yake. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909, wimbo ukisharekodiwa mara moja, mtu yeyote angeweza kuurekodi bila kuomba ruhusa, mradi amlipe mwenye utunzi senti 2 kwa kila nakala. Mwenye utunzi, si mwimbaji. Sauti iliyorekodiwa, mpangilio wa ala, namna ya kuvuta neno, vyote havikuwa na ulinzi wowote wa serikali kuu.

LaVern Baker alitoa "Tweedle Dee" kwa Atlantic mwishoni mwa 1954. Mwanzoni mwa 1955 Georgia Gibbs, mwimbaji wa Kizungu wa lebo ya Mercury, akautoa kwa mpangilio uleule, kipande kwa kipande. Redio nyingi zilipiga wa Gibbs, nao ukafika namba mbili. Wa Baker ukaishia namba 14. Mtunzi, Winfield Scott, alipata senti zake kwenye santuri zote mbili. Baker hakupata hata moja kwenye ile ya Gibbs, akamwandikia mbunge Charles Diggs wa Detroit akitaka sheria ibadilishwe.

Utunzi nao uliibwa kwa kalamu. "Maybellene" ya Chuck Berry, 1955, ilisajiliwa ikiwa na majina ya Alan Freed na Russ Fratto kama watunzi wenza, ingawa hawakutunga chochote. Freed aliupiga wimbo redioni, na mrabaha ukagawanywa. Majina hayo hayakuondolewa hadi 1986. Big Mama Thornton, aliyeiweka "Hound Dog" namba moja ya R&B kwa wiki saba mwaka 1953, alisema malipo yake yote yalikuwa dola 500.

Mashairi nayo yalipunguzwa ili yapite redioni. "Shake, Rattle and Roll" ya Big Joe Turner ya 1954 inaanza kwa kumwamsha mwanamke kitandani kabla ya kumpeleka jikoni. Haley alipouimba miezi michache baadaye, kitanda kikaondolewa, jikoni kukabaki.

Rekodi za sauti zilianza kulindwa na sheria kuu ya hakimiliki ya Marekani Februari 15, 1972. Ulinzi huo unazuia kunakili rekodi yenyewe. Hauzuii mtu kuingia studio na bendi yake akaiga sauti, mpangilio na kila mwinuko wa mwenziwe, ilimradi mwenye utunzi alipwe. Alichokiomba Baker mwaka 1955 hakijatungiwa sheria mpaka leo.